Papa wa Kinywa Kipana: Jinsi Samaki Asiyejulikana Anavyotambuliwa na Kupewa Jina

Wavuvi wa vyama vya pwani hupata mara kwa mara samaki wasiofanana na wale waliozoeleka sokoni. Hutokea hasa pale jarife linapotegwa katika maji ya kina kirefu kuliko desturi, au mshipi mrefu unapoteremshwa ukingoni mwa kilindi. Papa akiwa na umbo geni, mara nyingi hukatwa vipande pale pale dikoni. Nyama ikauzwa au ikatiwa chumvi na kuanikwa, ini likapikwa sifa, na katibu wa chama akaandika daftarini neno moja tu: "papa". Hesabu ya kilo huwa sahihi, na fedha hugawanywa kwa haki. Lakini habari za samaki mwenyewe huwa zimepotea, wala haziwezi kupatikana tena.

Maelezo yafuatayo yanahusu papa mmoja wa bahari kuu ambaye wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 1976, ingawa urefu wake ulizidi mita nne na uzito wake ulifika kilo 750. Habari zake zinaonyesha wazi jinsi kiumbe kinavyotoka katika hali ya kutojulikana hadi kupata jina linalokubaliwa duniani kote. Zinaonyesha pia kwamba kazi hiyo haianzi katika maabara. Huanzia chomboni, mikononi mwa watu walioamua kutomtupa samaki.

SAMAKI ALIYENASWA NA NANGA

Tarehe 15 Novemba 1976, meli ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani ilikuwa kazini kiasi cha kilomita 42 kutoka rasi ya Kahuku, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Mahali hapo bahari ina kina cha mita 4,600 hivi, yaani pima 2,500, na nanga ya chuma haiwezi kufika chini. Kwa hiyo meli ilitumia nanga za kitambaa zilizotengenezwa mfano wa mwavuli wa askari wa angani, ambazo hujaa maji na kuizuia meli isichukuliwe na mkondo. Nanga hizo zilikuwa zimeteremshwa mita 165, sawa na pima 90. Zilipopandishwa, katika mojawapo alikuwamo papa mkubwa aliyejizonga.

Mabaharia hao hawakuwa wamekwenda kuvua. Wangeweza kumkatilia mbali na kuendelea na shughuli zao, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walimchukua mpaka ghuba ya Kaneohe. Wakati wa kumnyanyua kutoka majini, mkia wake ulikatika kwa uzito wa mwili. Baadaye mwili ulipelekwa Honolulu, ukagandishwa katika kiwanda cha kusindika jodari, kisha ukatiwa dawa ya fomalini ili usioze. Papa huyo amehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Bishop mjini Honolulu, na mtaalamu yeyote mwenye shaka aweza kwenda kumtazama.

KAZI YA MIAKA SABA

Uchunguzi ulifanywa na watu watatu: Leighton Taylor, aliyekuwa mkurugenzi wa Akwaria ya Waikiki, Leonard Compagno, mtaalamu wa kuainisha papa, na Paul Struhsaker, mtaalamu wa samaki na uvuvi. Maelezo yao yalichapishwa mwaka 1983 katika jarida la Chuo cha Sayansi cha California. Kutoka siku ya kunaswa hadi siku ya kuchapishwa ilipita miaka karibu saba.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini muda mrefu hivyo utumike kwa samaki mmoja. Jibu ni kwamba kusema "huyu ni mpya" ni dai zito, na anayelitoa ndiye anayepaswa kulithibitisha. Kazi hiyo ina sehemu tatu.

Kwanza ni kupima. Hupimwa urefu wote kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia. Umbali kutoka pua hadi jicho, hadi kinywa, hadi kila tundu la matamvua na hadi kila pezi. Urefu na upana wa mapezi. Na ukubwa wa jicho. Vipimo hivi hulinganishwa na urefu wa mwili mzima, kwa sababu papa mdogo na papa mkubwa wa aina moja hutofautiana kwa ukubwa, ilhali uwiano wa viungo vyao hukaribiana.

Pili ni kuufungua mwili. Meno huhesabiwa safu kwa safu. Gegedu za fuvu na taya huchunguzwa, kwa kuwa papa hana mfupa. Utumbo, ini na viungo vya uzazi huangaliwa, na tumbo hufunguliwa ili ijulikane samaki alikula nini. Hata minyoo iliyomo tumboni ina habari yake: katika papa huyu wa Hawaii alipatikana mnyoo wa tegu ambaye naye hakuwa akijulikana, akaelezwa na kupewa jina mwaka 1982, mwaka mmoja kabla ya papa mwenyewe.

Tatu ni kulinganisha, na hapa ndipo penye taabu kubwa. Lazima maandishi ya zamani juu ya papa yasomwe, na vielelezo vilivyomo katika majumba ya makumbusho vitazamwe, mpaka ithibitike kwamba hakuna jina lililokwisha kutolewa linalomfaa samaki huyo. Papa wengi wamewahi kupewa majina mawili au matatu na watu tofauti, kwa sababu tu hatua hii ilifanywa kwa haraka.

ALAMA ZILIZOMTENGA NA WENGINE

Kichwa cha papa huyu ni kikubwa, kipana na cha mviringo, na pua yake ni fupi. Katika papa wengi wanaojulikana sokoni kinywa kiko upande wa chini, nyuma ya pua. Kwake yeye kinywa kiko mbele kabisa, na taya zake ni ndefu mno. Meno yake ni madogo sana, yamepinda mfano wa ndoana, nayo yamepangwa kwa zaidi ya mistari 50 katika kila taya. Meno ya namna hiyo hayafai kukata windo.

Ndani ya koo, penye matamvua, mna vichomozo vingi vidogo mfano wa vidole, vilivyosongamana kama chujio. Tumboni mwake mlikutwa viumbe wadogo wa jamii ya uduvi. Kwa hiyo ilijulikana kwamba samaki huyu mkubwa hula vitu vidogo kabisa: hufungua kinywa, huvuta maji pamoja na uduvi, kisha huyachuja maji yakatoka kwa matundu ya matamvua.

Mwili wake ni laini na tepetepe, gegedu zake hazikukakamaa, na misuli yake si ya samaki mwenda mbio. Juu ana rangi nyeusi inayokaribia kahawia, na chini ni mweupe. Juu ya taya la juu upo utepe mweupe ambao huonekana vizuri taya linapotokezwa mbele.

Kabla yake walijulikana papa wawili tu wanaokula kwa kuchuja maji. Mmoja ni yule mkubwa wa maji ya baridi aliyeelezwa na Askofu Gunnerus wa Norwei mwaka 1765. Wa pili ni papa shilingi, anayejulikana na wavuvi wengi wa Afrika Mashariki kwa madoa yake meupe. Naye alielezwa na Dakta Andrew Smith mwaka 1828, kutokana na mmoja aliyepigwa chusa katika ghuba ya Table, karibu na mji wa Cape Town. Ilipita miaka 155 tangu papa shilingi apewe jina hadi huyu wa tatu alipotambulikana.

JINA NA MAANA YAKE

Jina la kitaalamu huwa na sehemu mbili. La kwanza ni la kundi dogo ambamo samaki yumo, na la pili ni lake mwenyewe. Papa huyu aliitwa Megachasma pelagios. Maneno hayo yametokana na Kiyunani: la kwanza maana yake ni uwazi mkubwa au mwanya mkubwa, na la pili ni "wa bahari kuu". Kwa Kiswahili yafaa kumwita papa wa kinywa kipana.

Tofauti zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba hakuweza kuwekwa katika kundi lolote lililokuwapo, wala katika jamii yoyote. Ikabidi iundwe jamii mpya kwa ajili yake. Mwaka 1985 mtaalamu mwingine alitoa hoja kwamba angeweza kuunganishwa na jamii ya yule papa wa maji ya baridi. Mabishano yakaendelea kwa miaka kadhaa, lakini jamii yake ya pekee imebaki ikitambuliwa. Mabishano kama hayo ni sehemu ya kazi, nayo yaliwezekana kwa sababu kielelezo kilikuwapo na vipimo vilikuwa vimeandikwa.

YALIYOJULIKANA BAADAYE

Papa wa pili alipatikana Novemba 1984, katika wavu karibu na kisiwa cha Santa Catalina, California. Yaani ilipita miaka minane baada ya yule wa kwanza. Wa tatu alisukumwa na maji hadi ufukoni Mandurah, Australia Magharibi, mwaka 1988. Mwaka 1990 mmoja alinaswa hai California, akafungwa vyombo vidogo vya kutoa mlio, kisha akaachiliwa na kufuatwa kwa siku mbili. Usiku aliogelea kati ya mita 12 na 25 chini ya uso wa maji. Mchana alishuka kati ya mita 120 na 166. Ikaonekana kwamba huwafuata uduvi, ambao nao hupanda giza linapoingia na kushuka kunapopambazuka. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya watu kutomwona kwa karne nyingi: wakati wa mchana, macho ya watu yanapoweza kuona, yeye huwa chini.

Jambo moja lililodhaniwa hapo mwanzo lilikuja kusahihishwa. Baadhi ya wataalamu walifikiri kwamba kinywa chake hutoa mwanga wa kuwavuta uduvi. Uchunguzi wa ngozi uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba hana kiungo cha kutoa mwanga. Ule utepe mweupe hurudisha tu mwanga unaoangukia.

Sehemu kubwa ya papa wa aina hii waliokwisha kuorodheshwa imetoka Taiwan, Filipino na Japani, na karibu wote walipatikana kwa mikono ya wavuvi. Mwaka 2009 wavuvi wa Filipino walimpata mmoja karibu na kisiwa cha Burias. Alipelekwa Donsol, akatambuliwa, kisha akakatwa na kupikwa kwa tui la nazi, kama papa wanavyopikwa huko. Nyama ililiwa, lakini urefu wake wa mita nne, uzito wake wa kilo 500, mahali alipovuliwa na chakula kilichokuwa tumboni vimebaki katika maandishi. Katika Taiwan wavuvi walitakiwa kwanza kutoa taarifa ya kila papa wa aina hii aliyenaswa. Na baada ya kuonekana kwamba wanaonaswa ni wengi kuliko ilivyodhaniwa, mwaka 2020 kumleta nchi kavu kulipigwa marufuku. Uamuzi huo ulitokana na taarifa za wavuvi wenyewe.

MFANO WA SILIKANTI

Pwani ya Afrika Mashariki na visiwa jirani ina mfano wake, ingawa si wa papa. Samaki silikanti alidhaniwa kuwa ametoweka duniani tangu zama za kale, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini Desemba 1938. Kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumhifadhi mzima, viungo vyake vya ndani vilitupwa, na Profesa J.L.B. Smith alimweleza mwaka 1939 kwa ngozi na mifupa iliyobaki. Ilimbidi asubiri miaka 14 kumpata wa pili. Alitawanya karatasi zenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100, na Desemba 1952 silikanti alipatikana Anjouan, Visiwa vya Komoro. Mwalimu wa shule ndiye aliyemtambua kwa kuikumbuka karatasi hiyo. Hapo ikadhihirika kwamba wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua samaki huyo siku zote, tena kwa jina: gombesa.

Katika Tanzania silikanti wa kwanza alitambuliwa mwaka 2003 huko Songo Mnara, Kilwa. Baada ya hapo walipatikana wengi kwenye pwani ya Tanga, katika majarife yaliyotegwa kilindini kwa ajili ya papa. Habari hizo ndizo zilizosababisha kuanzishwa kwa hifadhi ya bahari ya silikanti huko Tanga mwaka 2009. Ikiwa wavu wa papa umeweza kumleta samaki wa namna hiyo, ni dhahiri kwamba papa wenyewe wa kilindini nao wastahili kutazamwa kwa makini zaidi.

FAIDA YA KUJUA JINA

Mwanachama aweza kusema kwamba jina haliongezi uzito wa samaki mizanini. Ni kweli, lakini kukosa jina kumeleta hasara mahali pengine. Katika visiwa vya Maldivi, mwaka 1980 ulianzishwa uvuvi wa papa wa kilindini wenye miiba mbele ya mapezi ya mgongo, kwa ajili ya mafuta ya maini yao. Mafuta yaliuzwa nje kwa wingi katika miaka ya mwanzo, kisha mavuno yakashuka na uvuvi ukafifia. Papa wa kundi hilo huchelewa kupevuka, na baadhi yao huzaa mtoto mmoja au wachache tu kwa uzazi mmoja. Mwaka 2010 nchi hiyo ilipiga marufuku uvuvi wa papa wote. Pale ambapo aina zote huandikwa kwa neno moja, aina moja yaweza kwisha huku jumla ya kilo ikionekana kuwa ile ile, kwa sababu nafasi yake imejazwa na nyingine.

Tena liko jambo la biashara. Chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, papa wenye kichwa mfano wa nyundo wamewekwa katika orodha ya wanaohitaji kibali tangu mwaka 2014, na jamii kubwa ya papa wa kawaida wa pwani tangu mwaka 2023. Mnunuzi anayepeleka mapezi nje hutakiwa kueleza ni ya papa gani. Chama chenye daftari linalotaja aina kitakuwa na jibu. Chama chenye neno "papa" peke yake hakitakuwa nalo.

YANAYOFAA KUANDIKWA NA KATIBU

Katibu hahitaji kuwa mtaalamu. Anahitaji utepe wa kupimia, kalamu na dakika chache kabla kisu hakijaanza kazi. Papa mgeni akifikishwa dikoni, yafaa mambo haya yaandikwe:

1. Tarehe, mahali alipovuliwa, kina cha maji kwa pima au mita, na chombo cha kuvulia: jarife, mshipi au kinginecho.

2. Urefu wote, kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia, akiwa amelazwa na kunyoshwa. Kama hawezi kupimwa uzito mzima, iandikwe kwamba uzito ni wa kukisia.

3. Idadi ya matundu ya matamvua kila upande. Papa wengi wana matano. Mwenye sita au saba ni wa kundi jingine kabisa, nao wengi wao ni wa kilindini.

4. Idadi ya mapezi ya mgongo, na kama mbele ya kila pezi kuna mwiba. Itazamwe pia kama chini ya mwili, kati ya mapezi ya tumbo na mkia, kuna pezi au hakuna. Papa mwenye miiba mgongoni na asiye na pezi hilo la chini aelekea kuwa wa jamii za kilindini.

5. Mahali pa kinywa, umbo la meno ya juu na ya chini, na rangi ya mwili akiwa bado mbichi, kwa maana rangi hubadilika upesi.

6. Jinsia. Dume ana viungo viwili mfano wa vidole karibu na mapezi ya tumbo; jike hana. Jike akiwa na watoto tumboni, wahesabiwe na kupimwa.

7. Jina analoitwa na wavuvi wa mahali hapo, hata kama ni la kijiji kimoja tu.

Papa apigwe picha akiwa mzima, kwa ubavu, pamoja na utepe au kitu chenye urefu unaojulikana. Nyama ikishauzwa, taya zaweza kubakizwa na kukaushwa, na kipande kidogo cha nyama kitiwe katika chupa ya spiriti na kubandikwa karatasi yenye tarehe. Kisha taarifa ipelekwe kwa ofisa uvuvi wa wilaya, na nakala ibaki katika jalada la chama.

Mabaharia wa mwaka 1976 hawakujua jina la samaki waliyemleta, wala hapakuwa na mtu duniani aliyelijua. Walichofanya ni kumleta nchi kavu. Taylor na wenzake walifanya yaliyobaki kwa miaka saba, lakini wasingeweza kufanya lolote kama kamba ingekatwa baharini. Daftari la chama cha wavuvi lina nafasi hiyo hiyo: mstari mmoja ulioandikwa vema siku ya kuvuliwa hauwezi kulipwa na uchunguzi wowote unaofanywa baada ya samaki kwisha kuliwa.